Mogaka Amefunga

Nyamira,
Alhamisi, 19 Februari 2026

Kwa Obura, msimamizi wangu wa ubatizo,

Salamu za Kwaresima. Nilipita kwako kumsalimia shemeji Sheryl, akaniambia simu yako iko kabatini chini ya mashuka na hutaigusa mpaka Pasaka. Kwa hiyo mtu akitaka kukusemesha ni lazima akae chini aandike, kama wakati wa mkoloni. Hakuna shida. Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini mwandiko wangu unaujua. Lile bango la buchari niliandika mwenyewe na watu wanalisoma wakiwa ng'ambo ya barabara. Barua nimempa dereva wa gari la mkate anayefika huko Nyamarambe kwenye kanisa lenu jipya. Nimemwambia ikipotea asipite tena mbele yangu.

Jana tulipakwa majivu. Ya kwangu yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote. Nyanchama wangu anasema ni kwa sababu paji langu ni pana. Mimi nasema padre alijua anampaka nani.

Sasa sikiliza. Baada ya majivu Padre Ombok alituita mbele sisi wakatekumeni tunaosubiri ubatizo, kila mmoja aseme atamtolea Mungu nini siku hizi arobaini. Unajua vile watu husema. Mmoja ameacha sukari. Maureen wa posta ameacha kuangalia vipindi vya Wafilipino. Padre naye ni Mjaluo wa kwenu upande wa ziwa, lugha yetu hajui kuzidi salamu ya "bwakire", kwa hiyo anayesema Kikisii anatafsiriwa na Mama Persis, katekista wetu, na anayesema Kiswahili vilevile Mama Persis anawageuzia akina nyanya wanaokaa mbele. Mimi sikutaka kutafsiriwa kwa padre kama mgonjwa kwa daktari. Nikasema Kiswahili, kile cha kutoka kifuani: "Mimi nimefunga. Siku arobaini. Hakuna kufungua mpaka Kristo afufuke."

Mama Persis akawageuzia akina nyanya. Obura, kanisa lililipuka vigelegele. Hujawahi kusikia kitu kama hicho hata kwenye harusi.

Kwa kifupi, nimefunga buchari. Kufuli imepigwa, ndoano zimeoshwa, mizani imefunikwa kwa gazeti. Muuza nyama atakaa siku arobaini bila kuuza nyama. Nionyeshe mwingine kati ya hapa na Kisumu.

Mimi ndugu yako,
Jasper Mogaka,
mfungaji bora wa parokia


Nyamarambe,
Jumatano, 25 Februari 2026

Omera Mogaka,

Barua imefika pamoja na mkate. Ilikuwa na alama ya mafuta pembeni, nikajua ni yako kabla ya kuifungua.

Hapa kazi inakwenda polepole. Ni mabenchi ishirini na manne na mbao hazijakauka vizuri, kila nikinyoosha moja lingine linajipinda. Lakini sitaki kuandika habari za mbao.

Nitakuambia jambo ambalo sikukuambia. Uliponiomba niwe msimamizi wako nilikubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Miaka kumi na minne karakana yangu na buchari yako zimetengwa na ukuta mmoja, na sijawahi kusikia kwako hadithi ambayo ungeiweka kwenye mizani ikatoa uzito ule ule mara mbili. Na unajua Jumapili ya tano, tarehe 22 Machi, Padre atatuuliza wasimamizi mbele ya watu wote kama huyu tunayemsimamia amejiandaa kwa kweli. Nilikuwa nalala nikijiuliza, nitajibu nini juu ya Mogaka? Kwamba ni mkarimu? Hilo kila mtu anajua. Kwamba anachekesha?

Sasa nina jibu. Nimeisoma barua yako kwa sauti kwa mafundi hapa, na kwa akina mama wanaotupikia. Mama mmoja akasema hajawahi kusikia Mkisii amefunga buchari, hata siku ya kumzika mama yake. Nikawaambia, huyo ndiye nitakayemwekea mkono begani.

Nilidhani ungeacha soda. Nisamehe kwa hilo.

Obura


Nyamira,
Ijumaa, 6 Machi 2026

Ominto Obura,

Hii soma ukiwa peke yako, halafu uichome pamoja na maranda.

Sikufunga buchari. Yaani nilifunga, lakini sikufunga. Ngoja nieleze.

Siku ya majivu niliposema "nimefunga" nilimaanisha tumbo. Kuacha nyama. Na hata hapo nilikuwa na mpango wa kuacha mbuzi kwanza, ng'ombe tungezungumza. Mama Persis naye Kiswahili alikipata sokoni tu. Akasikia muuza nyama anasema amefunga na hatafungua siku arobaini, akawaambia akina nyanya kwamba Mogaka amefunga mlango. Unajua kwetu kufunga mlango ni neno moja na kufunga chakula ni neno lingine, hayafanani hata kwa mbali. Vigelegele vilikuwa vya mlango. Nyanya mmoja alisimama akanishika mashavu yote mawili. Padre akanipa mkono. Niambie, ningesema nini? Samahani nyanya, rudisha vigelegele?

Kesho yake nilikwenda kichinjioni kuwaambia wasinichinjie. Yule mchinjaji wetu Mwislamu, ambaye Ramadhani ilikuwa ndiyo imemwingilia, aliniuliza kwetu kumetokea msiba gani. Nikasema nimefunga. Akaniangalia, kisu mkononi, akasema, "Hata mimi nimefunga, mzee, na unaniona niko kazini." Hapo ndipo nilipojua kwamba Kenya nzima ni mimi peke yangu niliyefunga kwa kufuli.

Nyanchama anajua. Alicheka mpaka akakalia gunia la majani chai. Alipomaliza kucheka akanipa kikapu, akanipeleka shambani kuchuma. Mgongo wangu ulikuwa umesahau chai tangu tuoane.

Sasa kuna mambo mawili yametokea, na ndiyo yanayonifanya niandike.

La kwanza ni Mama Persis. Siku ya tatu alikuja kwangu na lile begi lake jeusi, akasema, kwa kuwa Mungu amekupa nafasi, nibebee. Tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa tunazunguka kwa wagonjwa. Obura, mimi nimeona wanaume wa nguvu. Nimeona mtu akiinua fahali mguu wa nyuma. Lakini huyu mama ana miaka sitini na tatu, anapanda vile vilima vyetu kwa viatu vya plastiki na hapumui kwa nguvu, na mlangoni haombi maji, anauliza kama wao wana maji. Nilidhani kazi ya katekista ni kusoma. Hafungui kitabu mpaka amekata kucha. Anatoa wembe na kitambaa, anashika mkono wa mgonjwa, anakata kucha moja moja, vidole kumi vya mkono, kumi vya mguu, huku akimweleza habari za mji, nani amezaa, nani amenunua ng'ombe. Halafu ndiyo sala, na sala yenyewe ni fupi. Aliniambia mtu mwenye kucha ndefu anajiona amesahauliwa, na ukimwombea hivyo hivyo anadhani unamuaga. Nani alimfundisha huyu? Mimi sijasikia kitu kama hicho kwa padre yeyote. Juzi alinipa wembe nijaribu. Mikono hii imekata nyama miaka ishirini, na kidole gumba kimoja cha bibi kizee kikaichukua robo saa.

La pili ni Josiah wa baa ya kona. Jumamosi iliyopita alifunga baa. Alikuja kunionyesha ufunguo, amejitundikia shingoni kama medali. Unamjua Josiah, bia yake anaimaliza yeye kabla ya wateja. Akasema kama Mogaka ameweza, na yeye ataweza. Na Bonareri, mkewe, aliyerudi kwao Marani tangu Krismasi, amesikia na amekuja nyumbani na watoto.

Kwa hiyo unaona. Tarehe 22 ukiulizwa, jibu vile vile ulivyokuwa umepanga. Hakuna aliyeumia. Wamefaidika.

Wako,
Mogaka


Nyamarambe,
Jumanne, 10 Machi 2026

Mogaka,

Sikuichoma. Nimeiweka ndani ya kitabu cha sala.

Nilicheka mpaka nyundo ikakosa msumari ikapata kidole. Halafu nikaacha kucheka.

Unaniomba nisimame mbele ya altare niseme kitu ninachojua si kweli. Kama usingeniambia, ningekisema kwa moyo mweupe. Lakini umeniambia. Sijui kwa nini umeniambia. Labda hata wewe hujui.

Sikulazimishi. Ukisema, labda Padre atakusogeza Pasaka nyingine, na labda Josiah atarudi kwenye chupa na Bonareri atarudi Marani. Usiposema, mimi ndiye nitakayedanganya na wewe ndiye utakayemwagiwa maji. Lipi baya zaidi, sijui. Mimi ni seremala.

Nitakuja tarehe 22. Nitakachosema bado sikijui.

Obura


Nyamira,
Jumanne, 17 Machi 2026

Obura,

Barua yako ilisomeka kama ya askofu. Nilitaka nikujibu siku ile ile, Nyanchama akanificha kalamu. Sasa nimepoa.

Nikuambie jinsi jioni zangu zilivyo. Saa kumi na moja kamili Josiah anakuja. Ndiyo saa aliyokuwa akifungua chupa ya kwanza. Anakaa kwenye kreti mbele ya buchari yangu, mimi nakaa kwenye lingine, wanaume wawili wazima wenye milango iliyofungwa, tunaangalia watu wakitoka kazini kwenye maofisi ya kaunti. Wapita njia wanatutania. Wanauliza kama tunangoja kuajiriwa. Mimi nawajibu, unajua mdomo wangu, Josiah anacheka, saa nzima inapita, anakwenda kwake kula.

Jana hakucheka. Aliniambia, "Mogaka, ikifika saa hii mkono wangu unajikunja wenyewe, kama umeshika kitu. Nikiangalia kufuli yako, unanyooka."

Nikasimama nikajifanya naangalia kama kuna mvua.

Mtu anaegemea nguzo, na mimi ndiye ninayejua kwamba nguzo yenyewe haikuchimbiwa, imesimama tu kwa bahati. Nikimwambia anaanguka. Nisipomwambia naye amekaa hapo kila jioni ananishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya. Zamani sifa zilikuwa zinanishibisha. Hizi zinanikwama hapa kooni.

Na leo tena. Tulikwenda kwa Nyakerario, yule bibi kizee ambaye hainuki kitandani tangu mwaka jana. Nilikuwa nimemaliza mkono wa kushoto, nafuta wembe, akaniuliza kama mimi ndiye yule aliyefunga. Nikasema ndiyo. Akasema basi wewe uniombee, si Persis, Persis nimemzoea. Nikainama nikaendelea kufuta wembe ambao ulikuwa umeshakauka. Mama Persis aliniangalia kidogo, akachukua sala akaimaliza mwenyewe, na njiani kurudi hakuniuliza lolote. Aliniambia tu kwamba kucha za Nyakerario nimezikata vizuri kuliko yeye. Huyo ndiye mama niliyemwachia aamini alitafsiri vizuri.

Njoo Jumapili. Sema lolote utakaloona. Sitakulaumu.

Mogaka


Nyamira,
Jumatatu, 23 Machi 2026

Obura,

Hukuja. Niliangalia mlango wa kanisa mpaka Nyanchama akanigeuza shingo kwa mkono.

Tulikuwa tisa mbele. Padre Ombok alianza kushoto. Kila msimamizi akaweka mkono kwenye bega la mtu wake, akaulizwa, akajibu. Walipofika kwangu bega langu lilikuwa na shati tu. Padre akauliza, nani anamshuhudia Jasper? Akauliza tena.

Ningeweza kusema una homa. Homa yako ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, nakwambia, na ilikuwa homa kali, ningeipeleka mpaka ulazwe. Halafu nikamwona Josiah safu ya tatu. Amevaa shati jipya, Bonareri pembeni, mtoto mdogo amelala kwenye paja lake. Alikuwa ananiangalia vile vile anavyoangalia ile kufuli.

Nikasema kwa Kikisii. Niliona Kiswahili kimeshaniletea mambo ya kutosha. Nikasema Obura hayuko hapa na mnisamehe, nitajishuhudia mwenyewe. Mama Persis akawa ananitafsiri kwa Padre, haraka haraka, kama kawaida yake. Nikasema siku ya majivu nilisema nimefunga. Akatafsiri. Nikasema nilimaanisha chakula, sikumaanisha mlango.

Hapo Mama Persis aliacha kutafsiri. Akavua miwani. Akaniuliza polepole, kwa lugha yetu, kama nina hakika. Nikasema nina hakika, mama. Nikasema niliona haya kurekebisha kwa sababu ya vigelegele.

Obura, ana miaka thelathini katika ile kazi. Padre hasikii neno la lugha yetu. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema, huyu anaomba radhi kwa dhambi zake, basi, tukaendelea na misa na mimi nisingemlaumu mpaka kufa. Aligeuka akamwambia, "Padre, anasema hakufunga buchari kwa ajili ya Mungu. Alifunga kwa sababu mimi nilitafsiri vibaya mbele ya watu, na yeye akaona haya. Na ni kweli. Nilitafsiri vibaya." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeanika vyombo vilivyooshwa.

Kanisa lilicheka. Lazima nikuambie ukweli, walicheka vizuri, wanakwaya walishikana, na nyanya yule wa mashavu alipiga makofi kabisa. Hata Padre alijificha kwa kitabu. Lakini Josiah hakucheka. Alisimama, akapita katikati ya watu, akatoka. Bonareri akachukua mtoto akamfuata.

Kicheko kilipoisha Padre aliuliza mara ya tatu, nani anamshuhudia. Nikadhani ndiyo mwisho wangu, nirudi mwaka ujao. Nikasikia mkono begani. Ni Mama Persis, alizunguka kwa nyuma. Padre akamuuliza anashuhudia nini, na yeye ndiye aliyepotoshwa. Akasema, "Mambo ya mlango siyajui. Mimi najua mikono yake."

Nimekubaliwa. Usiku wa Pasaka nabatizwa. Lakini sikufurahi. Buchari sijafungua. Nyanchama aliniuliza kama sasa nitafungua, nikamwambia hapana, ndiyo kwanza nimefunga.

Leo asubuhi mlango wa Josiah ulikuwa wazi nusu.

Kwa nini hukuja?

Mogaka


Nyamarambe,
Alhamisi, 26 Machi 2026

Omera,

Nilikuja.

Nilitoka hapa alfajiri nikiwa na suti. Nilifika Kisii saa mbili asubuhi. Nikaingia kwenye kibanda cha chai mkabala na magari ya Nyamira, nikaagiza chai ya kwanza, gari la kwanza likajaa likaondoka. Nikaagiza ya pili. Magari manne yaliondoka nikiyaangalia. Nilikuwa najiambia nitapanda lile linalofuata. Halafu saa ya misa ikapita, nikalipa chai, nikarudi.

Hapa niliwaambia mvua ilibeba barabara. Nilikuwa sijasema uongo tangu Kwaresima ianze.

Mogaka, watu wote wananiita mtu mkweli, wewe pia umewahi kuniita hivyo mbele ya wateja wako. Nimegundua ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu. Siku nilipoulizwa nilijificha nyuma ya kikombe. Wewe ambaye nilikuwa naogopa kukushuhudia ulisimama peke yako ukasema. Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika pale "bega langu lilikuwa na shati tu", naiweka chini.

Sistahili kukusimamia. Mwombe Mama Persis awe msimamizi wako, yeye tayari ameweka mkono. Mimi nitamaliza mabenchi nikae hapa Pasaka nzima.

Niambie tu habari za Josiah. Hata kama ni mbaya.

Obura


Nyamira,
Jumamosi Kuu, 4 Aprili 2026, asubuhi

Obura,

Nimemsimamisha dereva wa mkate katikati ya barabara ili hii ikufikie leo. Ameapa utaipata kabla ya saa sita. Nimeandika haraka, usihesabu makosa.

Tangu ile Jumapili Josiah hakuja tena kwenye kreti. Siku kumi na moja, saa kumi na moja, nilikaa pale na kreti lake tupu pembeni. Nilikwenda kwake mara moja tu. Bonareri akatoka mlangoni akasema mzee haongei na watu. Kama anakunywa hakuniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alhamisi Kuu Padre aliosha miguu ya watu kumi na wawili, na mmoja nilikuwa mimi, mguu wangu ulikuwa msafi kuliko yote, nilikuwa nimeshauosha nyumbani mara mbili. Lakini hata pale nilikuwa nawaza mlango wa Josiah.

Jana tukafanya Njia ya Msalaba katikati ya mji. Msalaba ni ule wa mti wa mkaratusi. Mimi nilibeba kituo cha nane mpaka cha kumi na moja bila kubadilishwa, waulize. Pale kwenye kona, mbele ya baa, mvua ikashuka. Unajua mvua yetu ya Aprili, haibishi hodi. Akina nyanya hawana pa kwenda, Padre kanzu imemng'ang'ania mwilini, mimi na mti wangu begani.

Mlango wa baa ukafunguka wote. Josiah akasimama pale akasema, "Ingieni."

Watu wakasita. Padre akamwangalia Mama Persis amuulize, na Mama Persis alikuwa tayari ameshaingia ndani anakamua kitambaa chake cha kichwa.

Tukaingia wote. Obura, nilitazama kwanza kwenye friji. Ilikuwa wazi, tupu, imechomolewa. Rafu zote tupu. Tuliegemeza msalaba kwenye ule wavu wa chuma wa kaunta, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuusimamisha, na vituo vitatu vya mwisho tulivifanyia hapo hapo. Kituo cha kumi na mbili, pale Yesu anapokufa, tulipiga magoti sote kwenye sakafu ya baa. Kuna akina mama pale ambao hawajawahi kukanyaga hiyo sakafu ila wakitafuta mume. Mvua inapiga bati, hakuna anayesikia sala, na hakuna aliyeinuka. Nimeingia makanisa mengi, nimeingia hata kanisa kuu la Kisii. Sijawahi kuona watu wakisali vile.

Tulipomaliza nilimwendea. Nikamwambia, Josiah, nisamehe. Akaniambia kwamba ile Jumapili alipotoka kanisani alikunywa, alikunywa sana, mpaka Bonareri akafunga mizigo. Jumatatu asubuhi akafungua mlango akamwaga kila chupa iliyobaki kwenye mtaro. Siku nyingine zote alikuwa ndani anaona haya kutoka, si kwa sababu yangu, kwa sababu ya ile siku moja. Halafu akaniangalia toka juu mpaka chini, vile fundi anavyoangalia mbao zilizooza, akasema, "Tena nikusamehe nini? Wewe ulifunga kwa bahati mbaya. Mimi nilifunga nikijua. Kati yetu wawili, mkubwa ni mimi."

Na ni kweli. Bonareri alicheka nyuma yake, ile mizigo imeshafunguliwa, nguo za watoto ziko kwenye kamba. Jioni Josiah alikuja kwenye kreti kama kawaida.

Sasa wewe. Nilimwambia Mama Persis kwamba unamwachia kazi ya kunisimamia. Amekataa. Anasema mkono aliuweka pale kushika nafasi tu, na mwenye nafasi anajulikana. Na jana wakati wanasoma Mateso nilisikiliza vizuri kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa nina mtu aliyenikimbia. Mimi nilidhani alikimbia mwanafunzi mmoja. Obura, walikimbia wote. Yule mwenye mdomo kama wangu, na hata wale wazuri. Na Jumapili Yesu alipofufuka hakutafuta wengine. Alituma ujumbe kwa hao hao.

Kwa hiyo vaa suti. Magari ya Nyamira ni yale yale, ukifika Kisii usiagize chai. Misa inaanza saa moja jioni, tunakutana uwanjani penye moto. Mimi nitakuwa na shati jeupe, Nyanchama amelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. Jana walipokuwa wanatupanga nilisema mimi niwe wa kwanza, na wakakubali, wanajua nani ni nani. Halafu leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Persis nikamwambia hapana, niwekeni wa mwisho, ili hata ukichelewa unikute bado sijaguswa na maji.

Mimi,
Mogaka